Shahidi wa Mama Pindo

Kwanza muielewe ile saluni, maana bila kuielewa mtasema Mama Pindo alikuwa na kisirani tu.

Kilikuwa chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati kwa pazia la maua. Mbele, upande wa barabarani, palikuwa na kiti cha kunyolea, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Hapo alitawala mumewe. Nyuma ya pazia palikuwa na cherehani, meza ya kukatia vitambaa na dirisha dogo lenye nondo. Hapo alishona yeye. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Mtu akija kunyolewa na suruali yake ni ndefu, aliivua huko nyuma ya mlango, akajifunga taulo, akakaa kwenye kiti kama mfalme asiye na nguo, na kabla ndevu hazijaisha suruali ilisharudi na pindo lake. Mumewe walimwita Jaji.

Ujaji wake haukuwa wa mahakamani, msije mkamwogopa bure. Ulikuwa wa ubishi. Watu wa barabara ile walipenda ubishi kuliko chai, na ubishi wao mkubwa, mwaka nenda mwaka rudi, ulikuwa mmoja tu: hivi Radi alikuwa na kipaji kweli, au alikuwa na nywele tu?

Radi, kwa asiyemjua, ndiye aliyekuwa mfalme wa muziki wa roki. Suruali ya ngozi, sauti ya kukwaruza, gitaa linaning'inia magotini. Wimbo wake mmoja, "Moshi Mwekundu", ulipigwa redioni mpaka watoto waliozaliwa baadaye wakaujua kuliko wanavyowajua babu zao. Na katikati ya wimbo ule palikuwa na gitaa. Linaanza taratibu, linapanda, linafika mahali linatoa mlio mwembamba wa chuma juu ya chuma, mpaka vinyweleo vinasimama. Mlio ule ulitokeaje? Hapo ndipo penye kazi. Dereva wa lori, ambaye kwa Radi alikuwa haambiwi hasikii, alisema mtu yule aliuma waya kwa meno. Mwalimu mstaafu, mpinzani wake wa siku zote, alisema ni ujanja wa mitambo.

"Mpe gitaa lisilo na umeme," alikuwa akisema Mwalimu, "uone kama hatabaki anakuna kichwa."

Sasa, kwa kuwa ubishi na wembe haviwezi kukaa pamoja, Jaji aliweka sheria. Zamani mteja mmoja aligeuza shingo ghafla kumjibu mtu wa benchi, akaondoka na plasta sikioni. Tangu siku hiyo ikawa hivi: aliyevaa shuka la kunyolea ndiye msemaji, benchi linanyamaza, na hakuna wa kumkatiza mpaka shuka livuliwe. Akimaliza, Jaji analifungua, analikung'uta, pwaa, kisha anatoa hukumu. Watu waliiheshimu sheria ile ajabu. Hata mlevi mmoja aliyebwabwaja upuuzi kuanzia kidevuni hadi kisogoni aliachiwa amalize.

Na hukumu ya Jaji haikupingwa, kwa sababu Jaji alikuwepo. Ujanani alikuwa mbeba vyombo wa bendi ya Radi. Siku "Moshi Mwekundu" unarekodiwa, alikuwa mle studioni, anashikilia nyaya. Mpiga ngoma, mpiga besi na fundi mitambo walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, kila mmoja kwa wakati wake. Alibaki yeye. Alibaki yeye na mtu mwingine mmoja, ukimwacha Radi mwenyewe, ila huyo mwingine hakuna aliyewahi kumwuliza kitu zaidi ya urefu wa suruali.

Gitaa lile alilipiga Mama Pindo.

Haya, mmeshasikia, sasa kaeni vizuri. Wakati ule alikuwa msichana anayeishonea bendi nguo za jukwaani. Gitaa alilijua tangu udogoni. Kaka yake alikuwa nalo, na kaka akitia mguu nje tu, dada naye analo mapajani. Siku ile aliitwa studio kwa ajili ya zipu ya Radi iliyong'oka. Akamkuta bwana mkubwa amekaa juu ya ndoo, mkono umevimba kama mkate. Alikuwa amegombana na mlango wa choo, na mlango ulishinda. Wimbo wote ulikuwa tayari, imebaki ile nafasi ya katikati, na fundi mitambo anatazama saa kwa hasira. Msichana, pini bado ziko mdomoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba wimbo ule anaujua. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walipochoka kucheka, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakampa gitaa. Kwa haraka akasahau kuvua kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mafundi huvaa kidoleni sindano isiwachome. Ikateleza juu ya waya. Ikalia. Yeye akajua ameharibu, akainua macho kuomba radhi, akaona hakuna tena anayecheka.

"Dada, umeniokoa," Radi alimwambia. "Jina lako nitaliweka."

Jina halikuwekwa. Alipokwenda kumwuliza, Radi alimjibu bila hata kupepesa macho: "Wee, nisimame mbele za watu niseme gitaa langu limepigwa na fundi wa zipu?"

Alilia nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka. Aliyemfuata huko ni yule mbeba vyombo. Hakumwambia anyamaze, hakumwambia yataisha. Alimwambia, "Mimi nimeona. Saa hizi hatumwezi, ana watu na ana wanasheria. Lakini siku Radi akiondoka duniani, mimi nitasema mbele za watu. Naapa." Basi, msichana alimpenda papo hapo. Wapo wanaoolewa kwa sura, wapo wanaoolewa kwa mali. Yeye aliolewa kwa sababu mtu yule alikuwa ameona, na kila alipomtazama alijua kwamba jambo lile lilitokea kweli.

Miaka ikaenda. Nyuma ya pazia alisikiliza watu wazima wakigawana vidole vyake. Leo ni meno ya Radi, kesho ni mitambo, keshokutwa eti Radi alizaliwa na mshipa wa ziada mkononi. Alisikia mengi, akayameza. Wakifunga duka, mumewe alimshika bega na kusema, "Vumilia, mama. Siku yake inakuja." Neno hilo lilimtosha. Alilitunza moyoni kama vile mtu anavyotunza nguo ya sikukuu.

Lakini sikio la fundi cherehani halilali. Mwanzoni mumewe alikuwa akiwaambia wateja, "Nilikuwepo, nilisikia." Baadaye ikawa, "Nilikuwepo, niliona." Siku moja akasikia, "Niliona vidole vyake hivi hivi."

"Baba, umesema vidole vyake," alimwambia jioni ile.

"Aa! Nimetia chumvi tu kidogo. Si unajua wateja?"

Akamwachia. Ndiyo, alimwachia, mtu unayemwamini unamwachia mengi.

Radi alipofariki, Mama Pindo alilia kweli, tena hadharani. Msishangae. Sauti ile Mungu alimpa, hakuna aliyemkopesha, na yeye alikuwa amesimama karibu nayo akiwa msichana. Akafuta machozi, akangoja. Mumewe akasema maiti bado haijapoa. Akangoja tena. Mumewe akasema watu bado wana uchungu, ukisema sasa watakurushia mawe. Akangoja. Kisha redio ikatangaza kipindi maalumu cha kumbukumbu ya Radi, na mtangazaji akapiga simu: anataka kuja kurekodi ubishi wa saluni, na amhoji shahidi wa mwisho aliye hai.

"Mke wangu," Jaji alisema asubuhi ile mezani, akimwangalia usoni, "siku ndiyo hii. Leo nasema."

Mama Pindo alimpigia pasi shati lake jeupe. Akamshonea shuka jipya la kunyolea, kitambaa kizuri cha bluu, kamba ndefu za kufungia shingoni, pindo lake kalipiga kwa mkono badala ya cherehani. Alitaka siku ile ikae ndani ya kitu kizuri. Furaha ilimzidi mpaka akajichoma, yeye ambaye hajichomi.

Mtangazaji alikuja, binti mchangamfu, vipokea sauti masikioni, kinasa sauti mkononi. Benchi lilijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Dereva alikaa kitini kwanza, akavaa shuka jipya, akamsifu Radi mpaka povu la kunyolea likamwingia mdomoni. Akasema hakuna atakayezaliwa kama yule. Shuka likavuliwa, pwaa, akakaa Mwalimu.

"Nyinyi mnapenda makelele," alisema Mwalimu. "Nywele, ngozi na kupiga kelele. Mtu hajui hata kutunga mstari unaoeleweka. Nikimwondolea lile gitaa la katikati, mnabaki na nini? Mnabaki na suruali."

Watu waliguna, lakini hakuna aliyemkatiza. Shuka likavuliwa, pwaa. Kisha mtangazaji akamgeukia Jaji.

"Mzee wangu, wewe ndiye ulikuwepo. Tuambie. Lile gitaa lilipigwaje?"

Nyuma ya pazia, Mama Pindo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaweka nywele sawa, maana alijua sasa hivi pazia litafunguliwa na atatambulishwa.

Jaji akakohoa. "Mwanangu," alianza, "macho haya yaliona. Radi alikuwa amekaa juu ya ndoo. Mkono umevimba kama mkate, aliumia siku ile ile. Sisi sote tukasema, bwana, acha, tutarekodi siku nyingine. Akakataa. Akalichukua gitaa kwa mkono ule ule mbovu, akapiga. Niliona jasho, niliona damu. Ule mlio mnaousikia si meno wala mitambo. Ule mlio ni maumivu ya mtu."

Benchi lililipuka kwa makofi. Dereva alifuta macho. Hata Mwalimu aliinamisha kichwa.

Mama Pindo alibaki amekaa. Si kwamba mumewe alinyamaza. Kunyamaza angekuzoea, amekuzoea miaka yote. Lakini alichukua ndoo ile, akachukua mkono ule uliovimba, vitu ambavyo ni watu wachache mno walioviona, akavishona upya vikawa vazi la Radi. Ushahidi wake yeye ndio ulitumika kumzika. Ikampanda hasira ambayo hakuwahi kuijua. Akatema mkononi pini alizokuwa amezibana midomoni, moja moja, asije akazimeza. Akafungua pazia mwenyewe.

Watu wakampisha wakidhani anapita. Hakupita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kunyolea, akakaa.

"Nivalishe shuka," alisema.

Kicheko kilipasuka. "Mama," Jaji alisema, naye akicheka, ila macho yalikuwa hayacheki, "wewe ndevu huna."

"Nivalishe shuka."

"Sheria ni sheria, Jaji," Mwalimu alisema. "Amekaa kitini. Mvalishe."

Hakuwa na pa kutokea. Akamfunga shuka lile la bluu shingoni, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mtangazaji alisogeza kinasa sauti.

Mama Pindo hakuwatazama watu wa benchi. Alimtazama mumewe kwenye kioo. "Radi alikuwa na kipaji," alisema. "Mwalimu, wewe unakosea, sauti ile ingewaliza hata hawa bila gitaa. Nasema haki yake kwanza, ili nisionekane nina kijicho na marehemu. Lakini gitaa la katikati nilipiga mimi. Nilikwenda kushona zipu yake. Mkono wake ndio ulivimba, hilo mume wangu amesema kweli. Nikapewa gitaa mimi, na ule mlio ni kastabini, nilisahau kuivua. Aliyeniona yuko hai. Yuko nyuma ya kiti hiki. Aliniapia kwamba..."

Hapo ndipo alipozihisi kamba zikilegea shingoni.

Jaji alikuwa anafungua kifundo. Polepole, kwa upole kabisa, kama anavyomfungulia mteja aliyekwisha nyolewa. Mke wake mdomo bado uko wazi, neno bado liko ulimini, na shuka likatoka. Pwaa. Katika maisha yote ya saluni ile hakuwahi kumvua mtu shuka kabla hajamaliza. Mlevi alimwachia. Mwendawazimu alimwachia.

"Mke wangu ana utani huyu!" Jaji alisema, akacheka kwa nguvu. "Mnaona ninavyoishi? Kila siku vituko nyumbani!"

Dereva alicheka kwanza, kicheko cha kumshukuru Mungu kwamba Radi wake amebaki salama. Wengine wakafuata. Mwalimu alisimama, akapiga kelele kwamba sheria imevunjwa, Mama Pindo akapata tumaini kidogo. Kisha Mwalimu akaongeza, "Na kama ni kweli, basi nimeshinda mimi! Radi alikuwa tapeli, nilisema!" Kumbe naye alikuwa anatafuta ushindi wake tu.

Mtangazaji hakucheka. Alimwuliza Jaji, kwa adabu, "Mzee, kwa hiyo si kweli? Wewe ndiye ulikuwepo."

"Mwanangu, utani," alisema Jaji. "Kifute hicho kipande. Marehemu apumzike."

Binti akamtazama Mama Pindo, akamtazama Jaji, akamtazama tena Mama Pindo. Kisha akabonyeza kitufe cha kufuta kwenye kinasa sauti chake na kukitia mfukoni, maana neno la mwanamke aliyetoka nyuma ya pazia ni moja, na neno la shahidi aliye hai ni jingine.

Mama Pindo alirudi nyuma ya pazia. Alimaliza suruali mbili za watu, kwa sababu watu wale hawakumkosea kitu.

Mchana, benchi lilipokwisha kuwa tupu, Jaji alikwenda mlangoni, akaufunga. Akafunga na dirisha. Kisha akaja, akasimama karibu na cherehani akiwa anakunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Nilitaka kusema," alisema. "Haki ya Mungu nilitaka. Nikawaona vile wananitazama. Miaka yote nimewaambia niliona vidole vya Radi. Ningesema leo, ningekuwa nani kesho? Wangeniita mwongo kwenye kiti changu mwenyewe. Watu wanakuja hapa kwa ajili ya hadithi ile, mama. Ndiyo niliyonayo."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Jaji alilikunjua taulo, akalikunja upya.

"Radi alinikana mara moja," alisema Mama Pindo. "Alikuwa kijana, alikuwa na kiburi, na hakuniahidi maisha. Wewe umelala kitanda kimoja na mimi."

"Nimekosa. Njoo." Alimshika mkono, akampeleka mbele, akamkalisha kitini. Alilichukua shuka la bluu, akalikung'uta nywele za Dereva na za Mwalimu, akamfunga shingoni, kifundo kizuri. "Haya, sema. Sema yote, mke wangu, sitakukatiza. Sema mpaka uchoke."

Mama Pindo alitazama kwenye kioo. Aliona mlango uliofungwa. Aliona, pale pazia lilipobaki wazi, dirisha lililofungwa. Aliona benchi tupu linalong'aa, na mumewe nyuma yake, mikono kaiweka kifuani, kainamisha kichwa, yuko tayari kusikiliza. Alikuwa amehakikisha kwanza kwamba hakuna mwingine atakayesikia.

"Aliyevaa shuka hakatizwi?" alimwuliza.

"Hakatizwi."

"Mpaka livuliwe?"

"Mpaka livuliwe."

Akasimama. Alikwenda mlangoni, akavuta komeo, akafungua. Jua la mchana likaingia lote. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, Dereva na Mwalimu walikuwa bado wanabishana; walinyamaza walipomwona anatoka amevaa shuka la kunyolea, bluu mpaka magotini, amefungwa kifundo shingoni. Alikata kushoto, upande wa kituo cha redio.

"Mama Pindo!" Jaji aliita kutoka mlangoni, na watu wote wakageuka. "Wewe! Mama! Shuka!"

"Sijamaliza," alijibu, na hakugeuka.